Bolti za hedi zinazovutika: kwa nini hukazwa kwa digrii, na kwa nini hazirudiwi

SWALI: Nimefungua hedi ya injini yangu ya petroli ya silinda nne kwa sababu gasketi iliungua na maji yakawa yanaingia kwenye oili. Kitabu cha injini kinasema bolti za hedi zikazwe kwa torki (nguvu ya kuzungusha bolti) ya Nm 40, kisha digrii 90, kisha digrii 90 nyingine, na kwamba bolti zitumike mara moja tu. Fundi anayenisaidia anasema hiyo ni mbinu ya kuuza vipuri. Bolti zangu hazina kutu, meno ni mazima, na yeye amekuwa akirudisha bolti za hedi miaka yote bila tatizo. Anapendekeza tuzikaze Nm 90 moja kwa moja. Nimsikilize nani? Na hizo digrii zinafanya kazi gani ambayo torki haiwezi?

JIBU: Ndugu yangu, fuata kitabu. Nunua bolti mpya, seti nzima, uzikaze kwa digrii kama ilivyoandikwa. Fundi wako naye hasemi uongo kuhusu miaka yake ya kazi. Ziko injini nyingi, hasa za zamani zenye hedi na bloku za chuma cha kusubu, ambazo bolti zake hukazwa zikiwa bado mbali na kikomo cha nguvu zao, na hizo hufunguliwa na kurudishwa tena na tena bila madhara. Za kwako si za aina hiyo, na tofauti yenyewe mara nyingi haionekani kwa macho. Tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya bolti inapokazwa, maana maswali yako yote mawili yanatoka hapo.

Bolti ya hedi ni springi ya chuma. Unapoizungusha, kichwa kinaegemea hedi, meno yanazidi kuingia kwenye bloku, na shina lililo katikati halina njia ila kurefuka. Likisharefuka linataka kurudi lilivyokuwa, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana hedi juu ya gasketi. Kila kitu kingine, yaani spana, torki, digrii na oili, ni njia tu za kuupata huo mvutano.

Na unahitajika mkubwa. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 80. Mchanganyiko unapowaka injini ikiwa imekandamizwa kweli, shinikizo la gesi linaweza kufika baa 80 hivi. Kwa eneo hilo ni nguvu ya karibu tani 4 inayoisukuma hedi juu, kwenye silinda moja, zaidi ya mara elfu moja kwa dakika ukiwa kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani. Bolti zinazoizunguka silinda hiyo lazima zibane kwa nguvu inayozidi hiyo kwa kiasi kikubwa, ili gasketi isipate hata nukta moja ya kupumua. Ikipumua, gesi inapenya, inaichoma, na unarudi ulipo leo.

Sasa tuitazame bolti moja. Kichwani mara nyingi utakuta namba 10.9. Maana yake ni kwamba chuma hicho hukatika kikivutwa kwa niutoni 1000 kwa kila milimita ya mraba, na asilimia 90 ya hapo, yaani niutoni 900, ndicho kikomo cha unyumbufu. Chini ya kikomo hicho bolti ikiachiwa inarudi kwenye urefu wake wa awali. Juu yake hairudi yote; inabaki ndefu kidogo maisha. Bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, yenye hatua ya meno (umbali kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.25 hubeba mzigo kwenye eneo la milimita za mraba 61 hivi, kwa hiyo inafika kikomo kwa kiloniutoni 55, zaidi kidogo ya tani tano na nusu. Na ikifika hapo, kila milimita 100 za shina zitakuwa zimerefuka milimita 0.44 tu. Huo ndio uwanja wote wa kuchezea: chini ya nusu milimita.

Torki ina udhaifu mkubwa kwa kazi hii. Ukiikaza bolti kwa spana ya torki, ile inayolia ikifika namba uliyoiweka, spana inapima jinsi bolti inavyogoma kuzunguka, haipimi inavyovutika. Na sehemu kubwa ya kugoma huko ni msuguano. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, karibu nusu ya nguvu unayoweka kwenye mkono wa spana inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, kama asilimia 40 inaliwa kwenye meno, na asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo msuguano ukibadilika kidogo, ile asilimia 10 inabadilika sana. Bolti ile ile ya M10, ikikazwa Nm 60 ikiwa kavu na chafu kidogo, inaweza kutoa mvutano wa tani 3 hivi. Ukiipaka oili nzuri kwenye meno na chini ya kichwa, Nm 60 zile zile zinaweza kutoa tani 5. Spana imelia mahali pale pale na mkono wako haujahisi tofauti yoyote, lakini kona moja ya hedi imebanwa karibu maradufu ya nyingine.

Digrii zinaukwepa msuguano. Bolti yenye hatua ya milimita 1.25 ukiizungusha robo ya mzunguko, itasogea milimita 0.31, iwe kavu, iwe na oili, iwe mpya, iwe na kutu. Msuguano unaweza kukutoa jasho, lakini hauwezi kupunguza hizo milimita 0.31. Sehemu yake inaingia katika kuirefusha bolti, sehemu ndogo inaliwa na hedi na gasketi zinapobanwa, na mgawanyo huo ni ule ule kwa kila bolti ya hedi hiyo. Ndiyo maana kitabu kinakupa torki ndogo kwanza, Nm 40 kwa upande wako: hiyo ni ya kukalisha nyuso zote, kuibana gasketi mahali pake na kuondoa ulegevu, ili kuhesabu digrii kuanzie mahali pamoja kwa bolti zote. Kwenye torki hiyo ndogo kosa la msuguano halina uzito mkubwa. Ungeanza kuhesabu digrii bolti zikiwa bado zimelegea kwa viwango tofauti, zingekuwa hazina maana.

Waliobuni bolti zinazovutika walikwenda hatua moja mbele. Walipanga digrii ziwe nyingi kiasi cha kuipeleka bolti kwenye kikomo cha unyumbufu na kuipitisha kidogo, kwa makusudi. Kabla ya kikomo, kila kipande cha digrii kinaongeza mvutano kwa kasi. Ukishapita, mvutano karibu unasimama: bolti inaendelea kurefuka, lakini nguvu inayobana haiongezeki sana. Kwa hiyo hata mkono ukipitiliza digrii kumi kwenye bolti moja na kupungukiwa digrii tano kwenye nyingine, zote zinaishia karibu na mvutano ule ule. Ukitegemea torki peke yake, si ajabu bolti kutofautiana kwa robo juu au robo chini.

Usawa huo unahitajika zaidi leo kuliko zamani. Hedi za alumini hutanuka karibu maradufu ya chuma zikipata moto. Hedi yenye kimo cha milimita 100, joto likipanda kwa digrii 80, inarefuka milimita 0.18 hivi, wakati kipande cha bolti cha urefu huo huo kinarefuka kama 0.09. Tofauti hiyo lazima ibebwe na bolti kila siku unapowasha na kuzima. Bolti fupi nene ingeongeza mvutano kwa ghafla na hata kuitia hedi alama. Bolti ndefu nyembamba inanyumbuka na kuubeba. Ndiyo sababu baadhi ya bolti hizi zina shina lililochongwa jembamba kuliko sehemu ya meno, jambo ambalo wengine hudhani ni kubania chuma. Gasketi za tabaka za chuma nazo zinataka mbano mkubwa na ulio sawa pande zote, tofauti na zile laini za zamani zilizokuwa zikisamehe.

Sasa turudi kwa bolti zako zilizotumika. Wengi hueleza kwamba bolti iliyovutika imekuwa kama mpira wa suruali uliolegea, haina nguvu tena. Si hivyo, na maelezo hayo yanamfanya fundi mzoefu akatae ushauri mzima, kwa sababu ameona kwa mikono yake kwamba bolti ya zamani inakazika vizuri. Chuma kilichovutwa kupita kikomo huwa kigumu zaidi kidogo, hakilegei. Kinachopungua ni akiba: kiasi ambacho chuma kinaweza kuendelea kurefuka kabla ya kukatika.

Tuhesabu kwa bolti yetu ya mfano, ikiwa na milimita 100 zinazofanya kazi. Nm 40 zenye oili zinairefusha kama milimita 0.2. Digrii 180 zinaisogeza milimita 0.62 zaidi. Jumla ni 0.8 na kitu, wakati uwezo wa kurudi ni 0.44. Tuseme nusu ya ziada hiyo inaliwa na hedi na gasketi. Zinabaki kama milimita 0.2 ambazo bolti imerefuka moja kwa moja. Ukiirudisha na kuikaza kwa utaratibu ule ule, inaongeza nyingine karibu na hizo. Milimita 0.2 kwa shina la milimita 100 zinaonekana si kitu, maana chuma cha daraja la 10.9 kinatakiwa kuweza kurefuka walau asilimia 9 kabla ya kukatika. Tatizo ni kwamba hazigawanyiki sawa. Chuma huvutika zaidi pale palipo pembamba, na kwa bolti isiyochongwa shina, hapo ni kwenye meno machache yaliyo wazi kati ya shina na bloku. Kama urefu huo ni milimita 10, basi 0.2 yote ikijikusanya hapo ni asilimia 2 kwa mara moja, tena bolti ikiwa inasokotwa wakati huo huo inapovutwa. Mara ya pili, asilimia nyingine 2. Na kila mara sehemu hiyo inazidi kuwa nyembamba, kwa hiyo mvuto unaofuata unaikimbilia hiyo hiyo.

Ukiangalia hesabu hiyo utaona pia kwa nini fundi wako ana ushuhuda mzuri. Kurudisha mara moja mara nyingi hakukati bolti. Lakini wewe hujui kama hii ni mara ya kwanza. Hujui hedi hii imefunguliwa mara ngapi kabla haijafika kwako, wala kama aliyeikaza mwanzo aliongeza robo ya ziada kwa moyo wa huruma. Bolti kumi zikiwa na historia kumi tofauti, hata zisipokatika hazitabana sawasawa, na faida yote ya kukaza kwa digrii imepotea. Gasketi haitavuja siku hiyo. Itavuja baadaye, kwenye kilima, injini ikiwa na joto kali.

Kuhusu Nm 90 moja kwa moja, hapo nakataa kabisa. Kwa bolti ya mfano wetu, Nm 90 kwenye meno makavu zinatoa kama tani 4.6, pungufu ya kinachotakiwa. Kwenye meno yaliyopakwa oili vizuri, hesabu inapita nguvu ya kukatika yenyewe, maana yake spana haitalia kamwe: utaendelea kuvuta ukiingojea ilie, na bolti inanyooka mkononi mwako. Hakuna namba ya torki inayoweza kuchukua nafasi ya Nm 40 na digrii 180.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu si kila bolti inayokazwa kwa digrii ni ya kutupa. Watengenezaji kadhaa hutumia digrii lakini huruhusu bolti zirudiwe, wakikupa kipimo cha kukaguliwa. Baadhi wanataka upime urefu kutoka chini ya kichwa hadi ncha na kulinganisha na kikomo walichoandika. Wengine wanataka kipenyo sehemu mbili, mahali ambapo bolti haivutiki na mahali inapovutika, na tofauti ikizidi kiasi fulani, unabadilisha. Kama kitabu chako kingekuwa na kipimo cha namna hiyo, ningekwambia uchukue kalipa au mikromita, usafishe bolti, upime kila moja, na moja ikikosa ubadilishe zote. Kitabu kikisema mara moja tu, kipimo hakipo, na usijitungie.

Ukitaka kujionea mwenyewe, chukua bolti mpya na ya zamani uzilaze ubavu kwa ubavu, meno yakiwa yameingiliana, kisha uzinyanyue mbele ya dirisha. Meno ya bolti mbili mpya hulala ndani ya mwenzake mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupita. Iliyovutika sana utaona meno yanakwenda pamoja mwanzoni, halafu karibu na shina yanaanza kupishana na mstari mwembamba wa mwanga unatokeza. Jaribu pia kupitisha nati safi kwa vidole: ikiteleza vizuri halafu ikagoma sehemu moja, hapo ndipo chuma kilipovutika. Dalili hizo zikionekana, bolti imekwisha. Zisipoonekana, bado hazithibitishi kwamba ni nzima.

Bolti mpya peke yake hazitoshi kama matundu ni machafu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Matundu mengi ya bloku hayatokei upande wa pili. Yakibaki na oili au maji chini, bolti inaposhuka inakibana kimiminika hicho, na kwa kuwa hakina pa kwenda kinaweza kuipasua bloku. Hata kisipoipasua, spana italia mapema bolti ikiwa haijabana chochote. Puliza kila tundu kwa hewa ya kompresa huku umefunika kwa kitambaa na kulinda macho, kisha ingiza bisibisi nyembamba iliyozungushiwa kitambaa kikavu hadi chini, uitoe uione. Meno ya bloku yakiwa na uchafu mgumu, usitumie tapu ya kukatia meno mapya, kwa kuwa inakwangua chuma kizima. Bolti moja ya zamani uliyoichonga mifereji miwili mitatu kwa urefu kwenye ncha inatosha kusafishia.

Oili: tone jepesi la oili ya injini kwenye meno na chini ya kichwa, au juu ya washa, isipokuwa kitabu kiseme bolti zinakuja zimeshapakwa au kwamba tundu fulani linatokea kwenye njia ya maji na linahitaji dawa ya kuziba. Usichovye bolti nzima kwenye oili.

Kaza kuanzia katikati ya hedi kwenda nje, kwa mpangilio wa namba ulio kitabuni. Maliza bolti zote kwa Nm 40 kwanza, ukivuta spana polepole bila kuidunda. Kisha weka nukta ya rangi kwenye ukingo mmoja wa kila kichwa cha bolti, zote zikielekea upande mmoja, mfano upande wa mbele wa injini. Raundi ya kwanza ya digrii 90 ikiisha, nukta zote ziwe zinaangalia pembeni. Raundi ya pili, zote ziangalie nyuma. Ukikatishwa kazi na simu, nukta zitakwambia ulipofika. Kumbukumbu yako haitakwambia. Kila digrii 90 uizungushe kwa mvuto mmoja kama nafasi inaruhusu, na tumia mkono mrefu wa kawaida, kwa sababu spana ya torki haina kazi tena hapo.

Ukikaza hadi Nm 40 tu kisha ukagundua umesahau kitu, fungua bila wasiwasi. Bolti hazijafika popote karibu na kikomo. Lakini zikishapita digrii na ukalazimika kuifungua hedi, hata kama injini haijawashwa, zihesabu kuwa bolti zilizokwisha kutumika. Na injini ikishapata moto usirudi kuzikaza tena kwa kuzoea gasketi za zamani. Kila nyongeza juu ya zile digrii inakula akiba tuliyokuwa tukiizungumzia.

Katika raundi ya mwisho, sikiliza mkono. Bolti nzima inapanda ugumu, halafu ugumu unatulia na kubaki hapo hadi unamaliza. Ukihisi ugumu unaporomoka na bolti inazunguka kwa ulaini, simama. Ama shina linanyooka kuelekea kukatika, ama meno ya bloku yanatoka. Itoe hiyo moja taratibu uangalie: kukiwa na vipande vya alumini vimejizungusha kwenye meno yake, tatizo liko kwenye bloku, na tundu hilo linahitaji kuwekewa meno mapya ya waya kabla ya kuendelea. Meno yakiwa safi na shina limepungua unene, weka bolti mpya. Katika hali zote mbili mbano umeshavurugika, kwa hiyo legeza zilizobaki kutoka nje kwenda katikati, anza upya na bolti mpya zote, na uiangalie gasketi, kwa sababu nyingi za tabaka za chuma hazitakiwi kubanwa mara ya pili.